Fahamu: Kwa nini kazi ngumu ya machimboni si mazoezi
Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa, Geita, au Mwakitolyo, Shinyanga, huzimaliza kwa asubuhi moja. Mbona basi afya haiji? Mazoezi humjenga anayepumzika, akala vizuri na kuvuta hewa safi. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia madini, anayechoronga mwamba huvuta vumbi la silika, linaloharibu mapafu na kumweka karibu zaidi na kifua kikuu. Mama anayeponda mawe kwa nyundo, mtoto mgongoni, huvuta vumbi hilohilo. Mtoto naye pia. Mwamba ukiloweshwa maji, vumbi hupungua sana. Ila machimboni maji hununuliwa kwa dumu. Wenye maduara, tafadhali gharamieni maji hayo.