Mugongo unasema mbele ya kinywa: namna ya kuchora mutu mwenye uhai

Kwa nyumba mingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kuko mutoto anayechora. Kaye yake ya masomo imejaa makamyo, wacheza mupira na askari. Uso anaupata muzuri. Lakini mwili unasimama sawa muti wa umeme: mikono chini, miguu pamoja. Tunasifu, kisha tunafunga kaye. Akili iko, ila amejifunza kichwa, bado mwili.

Na sisi watu wa migodi tunajua kusoma mwili. Mama akimuona papa anatoka kazini, angali mbali, uso hauonekani, amekwisha kujua kama siku ilikuwa mbaya. Mabega yamemwambia. Ile mama anaona njiani, ndiyo muchoraji anapaswa kuweka kwa karatasi.

Wakubwa wetu wa hapa walilijua hilo. Wazee wanakumbuka picha ya « Colonie Belge » iliyotundikwa kwa masalo ya wafanyakazi katika miaka ya 1970. Mufungwa amelala chini, askari mweusi amenyanyua fimbo, muzungu amesimama anaangalia. Funika nyuso zote na kidole: bado unajua nani anaamuru, nani anapiga, nani anaumia.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa muji mu 1947, ni mumoja wa waliochora picha hiyo. Mu 1973 na 1974 alichora historia ya inchi kwa picha karibu 100, na kati yao aliweka wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa ajili ya mushahara na kupigwa risasi mu Desemba 1941. Watoto waliozaliwa nyuma wanaweza kuona wazee wao walivyoanguka, juu kuko mutu aliyejua kuchora mwili unaoanguka.

Basi mutoto aanze wapi? Biki na kaye ya zamani vinatosha.

Mustari moja. Mbele ya macho na shati, chora mustari moja tu toka kichwa mpaka kisigino. Mutu anayesukuma kinga yenye mifuko: mustari unalala mbele. Anayecheka sana: unapinda nyuma. Kama mustari hausemi kitu, nguo haitausaidia.

Uzito. Jiulize uzito uko kwa muguu gani. Mutu aliyechoka anaegemea muguu moja; kiuno cha upande ule kinapanda, bega la upande ule linashuka. Anayebeba ndoo kwa mukono wa kuume anainama kushoto, na mukono wa kushoto unaenda mbali na mwili. Kama mutu wa picha yako angesimama vile kweli na kuanguka, anza tena.

Haraka. Sekunde 30 kwa kila mutu, kisha mwingine. Enda sokoni, kwa fasi ya kungojea taksibisi, kwa kiwanja cha mupira. Watu 20 kwa ukurasa. Wengi watatoka vibaya, haina neno. Biki ni nzuri kwa kazi hii juu haifutiki: unapita mbele tu.

Kivuli. Jaza mwili wote weusi, kisha uliza mudogo wako: « Huyu anafanya nini? » Akikosa kujibu, mikono imejificha ndani ya tumbo. Itoe nje, hewa ipite kati ya kiwiko na mbavu.

Zidisha. Karatasi inapunguza nguvu. Kama mugongo umeinama kidogo, uinamishe zaidi. Kama mutu anaogopa, mupeleke nyuma mpaka visigino.

Mikono ya kazi ndiyo inashinda wengi. Hapa dawa iko nyumbani. Mutoto amwombe papa asimame dakika mbili, sawa vile anavyoshika pele, au anavyopiga magoti ndani ya shimo fasi hakuna nafasi ya kusimama. Papa atacheka, kisha atasimama. Na mutoto, akitafuta fasi ya goti na ya kiwiko, atauliza: « Papa, munakaa hivi saa ngapi? » Wengi wetu tumekomea watoto tukiwaficha kazi ile. Krayo inaweza kufungua maneno ambayo meza ya chakula haikufungua.

Wazazi, tusigombeze sana juu ya kaye iliyoharibika. Tununue moja ya kuchora tu, na mutoto aandike tarehe kwa kila ukurasa. Baada ya miezi tatu alinganishe wa kwanza na wa mwisho. Ataona yeye mwenyewe siku ambayo watu wake walianza kutembea.