Neno "Baba" Lilivyowagombanisha Wafaransa na Waseneca

Vita vya karne ya 17 baina ya Wafaransa wa Kanada na Waseneca, taifa la magharibi kabisa katika shirikisho la Wairoquois, aghalabu huelezwa kuwa ugomvi wa biashara ya ngozi. Sikatai, ngozi zilikuwa mali. Hata hivyo, wanafunzi wangu wa isimu huwahimiza walichunguze neno moja lililotawala mazungumzo ya pande hizo: baba.

Jina la Montmagny, aliyekuwa gavana tangu 1636, lilifasiriwa kwa Kimohawk kuwa Onontio, yaani Mlima Mkuu. Magavana waliomfuata wakalirithi, na wakaitwa baba. Mfaransa aliposikia "baba" alimkumbuka mfalme wake, mwenye kuamuru na kutiiwa. Kwa Waseneca, lakini, mtoto ni wa ukoo wa mama, na wenye kauli juu yake ni mama na mjomba. Baba hutoka ukoo mwingine. Wajibu wake ni kupenda, kulinda na kutoa zawadi. Je, fasiri ilikuwa sahihi? Kikamusi, naam. Ndiyo maana siridhiki na mitihani ya tafsiri inayompa mwanafunzi alama kwa kulipata neno la kamusi tu.

Mwaka 1684 Gavana La Barre aliondoka kwenda kuwaadhibu Waseneca, jeshi lake likashikwa na homa njiani. Kwa mujibu wa Lahontan, Otreouti, msemaji wa Waonondaga, alimwambia waziwazi kwamba watu wake hawakuwa chini ya Onontio wala chini ya gavana wa Kiingereza wa New York. La Barre akakubali mapatano ya aibu. Mrithi wake, Denonville, aliwakamata Wairoquois walioalikwa karamuni Fort Frontenac. Makumi yao wakapelekwa Ufaransa kupiga makasia katika merikebu za mfalme. Julai 1687 akateketeza vijiji vya Waseneca pamoja na mahindi yao, ya ghalani na ya shambani. Baba gani huyo achomaye chakula cha wanawe? Agosti 1689 wapiganaji wa shirikisho wapatao 1,500 waliivamia Lachine, karibu na Montreal.

Amani ilipatikana Montreal mwaka 1701, mbele ya wajumbe wa mataifa yapatayo 40. Hotuba zilipitia vinywani mwa wakalimani, mkataba ukaandikwa kwa Kifaransa, na wajumbe wakachora chini yake alama za mataifa yao. Wairoquois waliahidi kutoegemea upande wowote Wafaransa na Waingereza watakapopigana. Gavana Callière aligawa zawadi, na siku hiyo pia aliitwa baba.