Supamaketi za Kenya: Pesa za Msambazaji Zinapojenga Tawi Jipya

Mwaka 2017 mteja wa Nakumatt hakuwa na haja ya kusoma taarifa za hesabu ili ajue kwamba kampuni imeyumba. Ilimtosha kusukuma toroli yake dukani. Rafu zilizokuwa zikifurika bidhaa zilikuwa na mapengo, tawi baada ya tawi. Hii ndiyo kampuni iliyotoka kwenye duka la magodoro mjini Nakuru ikafikisha matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe.

Haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 chini ya serikali, iliwekwa mikononi mwa mrasimu mwaka 2006, ikafufuliwa, kisha mwaka 2015 ikafunga matawi yake yote Uganda na Tanzania. Tuskys ilifuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 2020. Hata Shoprite ya Afrika Kusini, pamoja na ukubwa wake, iliingia Kenya mwaka 2018 na kufikia mwanzoni mwa 2021 ilikuwa imeondoka. Tatizo basi halikuwa la kampuni za kifamilia peke yake, ingawa mara nyingi ndizo zinazobebeshwa lawama.

Kiini cha matatizo ya kampuni hizi za nyumbani kimo katika namna biashara yenyewe inavyozunguka. Supamaketi hupokea mali kwa mkopo na kuilipia baada ya siku 30, 60 au hata 90, lakini mteja hulipa palepale kwa keshia, kwa noti au kwa M-Pesa. Kwa wiki kadhaa, kwa hiyo, kampuni hukaa na mamilioni ya pesa zisizo zake. Kiongozi mwenye nidhamu huzitambua kuwa ni pesa za watu. Mwenye pupa ya kupanuka huziona ni mtaji: analipia kodi ya jengo jipya, taa, majokofu na sherehe ya ufunguzi. Tawi jipya likichelewa kuleta faida, na aghalabu huchelewa, siku ya kumlipa msambazaji inafika na sanduku halina kitu.

Mtazame mwoka mikate mdogo anayeleta kreti zake kwenye mlango wa nyuma alfajiri. Unga ameununua kwa pesa taslimu, vijana wake wanataka ujira wa wiki, gari linataka mafuta. Karani wa stoo anahesabu mikate, anampa karatasi iliyopigwa muhuri, basi. Karatasi hiyo ndiyo malipo yake kwa miezi miwili. Kwa kweli yeye ndiye anayeikopesha supamaketi, tena bila riba. Malipo yakichelewa, kwanza anapunguza kreti, kisha anadai alipwe kabla ya kushusha, mwishowe anageuza gari na kwenda kwingine. Siku hiyo mteja anakosa mkate, na kwa kuwa mkate ndio uliomleta, anaondoka pia bila sukari, sabuni na maziwa ambayo angenunua.

Ndiyo maana siridhiki na mafunzo ya huduma kwa wateja yanayoishia kwenye tabasamu la keshia. Nakumatt ilikuwa na kadi ya pointi iliyopendwa sana, lakini pointi hazina kazi mahali ambapo hakuna cha kununua. Kumjali mteja huanzia kwenye meza ya malipo ya wasambazaji, chumba ambacho wakurugenzi wengi hawakitembelei. Na meneja wa tawi ndiye wa kwanza kujua kwamba lori fulani halijaja kwa wiki mbili. Asipokuwa na ruhusa ya kulisema jambo hilo mbele ya mwenye kampuni bila kuogopa kibarua chake, makao makuu yatapata habari kwa kuchelewa.

Nafasi iliyoachwa imejazwa. Naivas, iliyoanza mwaka 1990 huko Rongai, Nakuru, na Carrefour, iliyofungua milango Nairobi mwaka 2016, ziliingia katika majengo kadhaa ya waliotangulia. Mwaka 2022 wawekezaji wakiongozwa na IBL ya Mauritius walinunua asilimia 40 ya Naivas. Mtaji wa namna hiyo huja na bodi inayouliza maswali, na kwangu hilo ndilo badiliko kubwa zaidi katika sekta hii.

Hata hivyo uhusiano na wasambazaji bado una kidonda. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini faini ya takriban Sh1.1 bilioni kwa kuwabana wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia. Kampuni ilikata rufaa.

Wakati huohuo duka la mtaani, linalopima mafuta na kuuza sukari robo kilo, linaendelea kuwahudumia Wakenya wengi. Mwenye duka anawajua wateja wake kwa majina na anajua nani atalipa mwisho wa mwezi.

Kwa mfanyabiashara anayekusudia kufungua tawi la pili au la kumi, ombi langu ni moja: kabla ya kutia saini mkataba wa pango, agiza orodha ya wasambazaji ambao siku zao za kulipwa zimepita, uisome mwenyewe jina kwa jina, na uwalipe kwanza.