Waya mbili zinazolaza magari ya biashara Bukoba

WENYE magari ya abiria mjini Bukoba huhesabu mafuta, matairi na ushuru wa stendi, lakini gharama inayowauma kuliko zote ni ya siku ambazo gari limelala gereji. Siku hiyo hakuna hesabu ya jioni kutoka kwa dereva, na marejesho ya mkopo hayangoji. Zamani gari lililazwa na pistoni, klachi au giaboksi. Katika magari ya mtumba yaliyotengenezwa Japani kuanzia miaka ya 2000 limeongezeka gonjwa jingine: vifaa vya umeme vya gari vinaacha kusikilizana vyenyewe kwa vyenyewe, na mwenye gari anauziwa kifaa kizima kwa kosa la waya.

Mathalani, chukua Toyota Noah ya mwaka 2008 inayopeleka abiria Muleba na kulala Ijuganyondo. Usiku mvua imenyesha, kama ilivyo kawaida ya Bukoba. Alfajiri dereva anawasha. Injini inanguruma vizuri tu, lakini taa za breki na injini zimewaka kwenye dashibodi, mshale wa mzunguko wa injini umelala na wa joto haupandi. Gari linapelekwa kwa fundi, mashine inachomekwa, na jibu linatoka: U0100. Maelezo yake ni kwamba mawasiliano na kontroli boksi ya injini yamepotea.

"Mzee, kontroli boksi imekufa. Tuagize nyingine," fundi anasema.

"Kijana wangu, iliyokufa inawezaje kuwasha injini?"

Swali la mzee huyo wa mfano lina thamani kubwa kuliko mashine iliyochomekwa. Kontroli boksi ya injini ndiyo inayoamuru petroli imwagwe lini na plagi zipige cheche lini. Ikifa, injini haiwaki. Injini inayonguruma ina kontroli boksi iliyo hai. Kilichokatika ni njia ya kupeleka habari zake kwa wengine. Namba ile haikusema kuwa kifaa kimekufa. Ilisema kuwa wengine hawamsikii.

Kwa hesabu ya mfano tu, chukulia gari hilo huleta shilingi 40,000 kwa siku. Boksi la mtumba likiagizwa Dar es Salaam au Kampala na kuchukua siku 5 kufika, shilingi 200,000 zimekwenda kabla ya kulipa bei ya kifaa chenyewe. Chukulia kifaa ni 500,000 na nauli yake ni 20,000. Mwenye gari ametoa au amekosa shilingi 720,000, boksi limefungwa, na taa bado zinawaka. Fedha hairudishwi, maana desturi ya maduka mengi ya spea ni kwamba kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi.

Ili kujua fedha hiyo inapoteaje, ni lazima kufahamu mazungumzo yanayofanyika ndani ya gari. Gari la kisasa lina maboksi kadhaa: la injini, la breki, la mifuko ya hewa, la usukani, la dashibodi, la milango na taa. Magari ya kifahari huwa na maboksi zaidi ya 50. Kama kila boksi lingevutiwa waya wake kwenda kwa kila jingine, gari lingebeba mzigo wa shaba. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza mwaka 1983 kutafuta dawa ya tatizo hilo, na mwaka 1986 ikautangaza huko Detroit, Marekani, mfumo unaoitwa CAN. Mercedes-Benz waliuingiza katika magari yao makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watengenezaji wa Japani wakaufuata katika miaka iliyofuata.

Mfumo wenyewe ni waya mbili zilizosokotwa pamoja, zinazopita katika gari zima. Maboksi yote yamening'inia humo. Mfano wake ni kikao cha ukoo: wote wamekaa chumba kimoja, kila neno linasikika kwa wote, na wawili wakianza kusema kwa pamoja, mwenye jambo dogo ananyamaza na mwenye jambo zito anaendelea. Habari ya breki hupita kabla ya habari ya kioo cha dirisha. Boksi la injini likisema "joto ni nyuzi 90", dashibodi inasikia na kuinua mshale. Likinyamaza, waliokuwa wakimsubiri wanaandika malalamiko.

Hapo ndipo namba zote zinazoanza na herufi U zinapotoka. U0100 ni malalamiko kwamba boksi la injini halisikiki, U0101 la giaboksi, U0121 la breki za ABS. Nissan wanayo yao mashuhuri, U1000, ambayo haimtaji hata mtu mmoja. Inasema tu kuwa mawasiliano yana kasoro. Fundi makini hasomi malalamiko ya shahidi mmoja. Huingia katika kila boksi na kuuliza: nani analalamika, na wote wanamlalamikia nani? Ikiwa breki, dashibodi na usukani wote wanamtaja mmoja, tatizo liko kwenye tawi lake, yaani fyuzi yake, waya wake wa ethi, soketi yake, na mwisho kabisa boksi lenyewe. Ikiwa kila mmoja analalamikia mwenzake, njia kuu ndiyo mbovu. Na ikiwa mashine haiingii popote, huenda hata soketi ya kupimia haina umeme. Vifaa vidogo vinavyounganishwa na simu mara nyingi husoma boksi la injini peke yake, hivyo kwa kazi hii havitoshi.

Kipimo kinachofuata hakihitaji kompyuta. Kinahitaji mita ya umeme ya kawaida, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme. Betri inafunguliwa, gari linaachwa dakika chache maboksi yalale, kisha mita inawekwa kwenye omu. Katika soketi ya kupimia yenye matundu 16, iliyo chini ya usukani, ncha za mita huchomekwa tundu la 6 na la 14. Jibu sahihi ni karibu omu 60.

Sababu yake ni nyepesi. Kila mwisho wa zile waya mbili pamefungwa kizuizi cha omu 120, ili ishara isigonge mwisho na kurudi kama mwangwi. Viwili hivyo vikipimwa kwa pamoja hutoa 60. Mita ikionyesha 120, mwisho mmoja umepotea: waya umekatika mahali fulani kabla ya kuufikia. Ikionyesha karibu na 0, waya mbili zimegusana. Ikionyesha 40, kuna kizuizi cha tatu ambacho hakikuzaliwa na gari; mara nyingi ni boksi la mtumba la aina nyingine lililofungwa kwa kubahatisha.

Betri ikirudishwa na swichi kufunguliwa, waya mmoja husoma volti 2.5 na zaidi kidogo, mwingine 2.5 kasoro kidogo. Waya unaosoma 0 umegusa bodi ya gari. Unaosoma 12 umegusa umeme wa betri, na hapo ni vema kusimama kabla ya kuunguza kitu. Waya mbili zikiwa zimegusana, fundi huchomoa boksi moja baada ya jingine akiangalia mita. Lile ambalo likichomolewa mita inarudi kawaida, ndilo au waya wake ndio. Hapo, na hapo tu, ndipo mazungumzo ya kununua boksi yanapoweza kuanza.

Kwa Noah ya mfano wetu, mita inasoma 120. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, mwisho mmoja wa waya uko ndani ya boksi la injini na mwingine ndani ya dashibodi. Dashibodi inasikilizana na breki, kwa hiyo upande wake ni mzima. Inabaki njia ya kwenda kwenye injini. Fundi anainua zulia upande wa abiria na kukuta limeloa. Soketi iliyo chini yake imeota kutu ya kijani, na pini moja imekatika kama kijiti kikavu.

Kagera ina sababu zake za kuzaa hitilafu hizi. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, na ukiacha misimu mikubwa ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, mvua haikauki kabisa. Maji hupenya kwenye mpira wa kioo cha mbele uliochakaa, au kwenye njia ya maji iliyozibwa na majani, yakatua chini ya zulia ambako waya zimepita. Gari linaloegeshwa kando ya migomba hupata wageni wa usiku. Panya hutafuna waya. Kisha kuna mikono ya watu: aliyefunga redio au alamu akakata asipopajua, aliyechomelea bodi bila kufungua betri, aliyeosha injini kwa maji ya presha.

Betri yenyewe ni mshukiwa asiyeulizwa. Betri dhaifu ikishuka sana wakati wa kupiga stata, maboksi hujizima na kuwaka tena kwa nyakati tofauti, na kila moja huandika kwamba mwenzake alipotea. Namba nyingi za U huzaliwa hivyo. Kwa hiyo betri hupimwa kwanza (iliyotulia na kujaa huwa karibu volti 12.6), namba zote zinafutwa, gari linaendeshwa, halafu zinaangaliwa zilizorudi.

Uzee wa magari unaongeza mzigo. Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka 8, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuchagua njia ya marufuku. Hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Mnunuzi mwenye mtaji mdogo anapata gari, na hilo si jambo la kubezwa. Anapata pia plastiki za waya zilizokauka na soketi zilizolegea.

Kuhusu biashara ya maboksi ya mtumba, mnunuzi ajue kwamba kufanana kwa umbo hakutoshi. Namba iliyochapwa kwenye kibandiko lazima ilingane, na katika magari yenye ulinzi wa ufunguo, boksi geni halitautambua ufunguo wa zamani mpaka lifundishwe kwa kompyuta. Ndiyo maana boksi zima kabisa, lililotoka kwenye gari zima, linaweza kufungwa na injini isiwake. Muuzaji hakudanganya. Mnunuzi naye hakuuliza.

Kiini cha hasara hii ni namna gereji zinavyolipwa. Fundi anayetumia saa 3 kutafuta waya uliokatika huambiwa "umekaza nati mbili tu", akapewa fedha ya soda. Anayeagiza boksi hupata cha juu cha duka pamoja na malipo ya kufunga. Mteja mwenyewe, kwa ubahili wake, ndiye anayelifanya boksi liwe na faida kuliko mita. Gereji inayotoza ada ya upimaji peke yake, na kumwandikia mteja omu na volti zilizosomwa, inauza bidhaa ambayo soko la Bukoba linaihitaji. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wanaweza kuandaliwa hapa hapa mkoani: chuo cha VETA cha Kagera kilichojengwa Burugo kwa msaada wa China kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022.

Mwenye gari, kabla ya kutoa fedha ya boksi, anayo haki ya kuuliza mambo machache: mita ilisoma omu ngapi? Umeme na ethi vilipimwa kwenye soketi ya boksi lenyewe? Maboksi mengine yanamlalamikia nani? Fundi aliyepima atajibu bila kufikiri. Ambaye hakupima atarudia kuonyesha skrini ya mashine.

Noah ya Ijuganyondo ilihitaji pini mpya, kipande kifupi cha waya na risasi ya kuchomelea. Hata hapo kuna ufundi: waya mbili zile hazinyooshwi. Msokoto wake ndio unaozuia kelele za umeme wa plagi na altaneta, hivyo sehemu iliyofunguliwa iwe fupi iwezekanavyo, viungo visikae sambamba visije vikagusana, na baada ya kazi zisokotwe kama zilivyokuwa. Mita ikasoma 60. Kwa hesabu ile ile ya mfano, ada ya upimaji 30,000, vifaa 5,000, na nusu siku ya kazi iliyopotea, 20,000: jumla shilingi 55,000. Zulia linaanikwa juani, na mpira wa kioo cha mbele unabadilishwa kabla ya mvua ya kesho.