Voltimita ya dijitali: matumizi ya maneno analojia, tarakimu na nukta

Voltimita ni kifaa cha kupimia volteji, yaani msukumo unaouendesha mkondo wa umeme. Voltimita ya mshale huonesha kipimo kwa mshale unaosogea juu ya mistari. Voltimita ya dijitali huonesha kipimo hicho kwa tarakimu. Kinachozitofautisha hasa ni chipu iitwayo kigeuzi cha analojia kuwa dijitali. Maneno matatu yanayohusu kifaa hiki yanahitaji uangalifu wa mfasiri na mwalimu.

Analojia

Mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, neno hili lilienea likiwa na maana ya kitu kilichopitwa na wakati. Kampeni za uchaguzi wa Kenya za mwaka 2013 ziliikoleza maana hiyo: upande mmoja ulijinadi kuwa wa kidijitali, wapinzani wakaitwa analojia. Katika elektroniki maana hiyo haifai. Kiasi cha analojia ni kile kinachobadilika mfululizo, bila kuruka hatua. Volteji ya betri ni ya analojia hata kama betri imenunuliwa leo. Wanaisimu wanaolitumia neno hili kwa maana ya mlinganisho watatambua uhusiano: mshale husogea kwa kulingana na volteji.

Tarakimu

Chukua chipu ya ICL7107 iliyoandaliwa kupima betri ya sola ya volti 12. Volteji yake ya rejeo ikiwa milivolti 100, chipu hupima hadi milivolti 199.9 tu. Kwa hiyo vikinza viwili, kimoja cha kiloomu 990 na kingine cha kiloomu 10, huigawanya volteji ya betri kwa 100. Volti 12.60 huingia kwenye chipu zikiwa milivolti 126.

Hapo chipu hufanya kazi mithili ya mtu anayejaza ndoo kwa bomba asilolijua kasi yake, kwa muda uliopangwa, kisha akaimwaga kwa bomba analolijua huku akihesabu. Volteji inayopimwa huichaji kapasita kwa muda wa mapigo 1000 ya saa ya chipu. Kisha volteji ya rejeo huitoa chaji hiyo, na chipu huhesabu mapigo hadi iishe. Yakiwa 1260, kiooni hutokea tarakimu 1, 2, 6 na 0. Tarakimu ni alama moja moja. Namba ni thamani inayoundwa nazo. Tusiseme "kioo kina namba nne" tunapokusudia tarakimu nne.

Nukta

Nukta haitokani na hesabu ya chipu. Anayeunda saketi ndiye anayeiunganisha mahali pake, ili 1260 isomeke 12.60. Umuhimu wake huonekana pasipo na waya wa gridi. Kambi ya Mtendeli, wilayani Kakonko, eneo lililokuwa sehemu ya Kibondo hadi 2012, ilipokea wakimbizi wa Burundi kuanzia Januari 2016 hadi ilipofungwa mwaka 2021. Huko Kiswahili kilikutana na Kiha, Kirundi na Kifaransa cha shuleni. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 12,60. Katika vitabu vya Tanzania mkato hutenga maelfu, kama katika 1,260. Mfasiri achague mtindo mmoja na aushike hadi mwisho.

Katika kusoma kwa sauti, tarakimu zilizo baada ya nukta hutajwa moja moja:

- 12.60: kumi na mbili nukta sita sifuri.
- 12.06: kumi na mbili nukta sifuri sita.
- Si sahihi: kumi na mbili nukta sitini.

Betri ya risasi na asidi iliyopumzika bila kutumika huwa imejaa inapokaribia volti 12.6, na hubakiwa na takribani robo ya chaji inapofika 12.06. Anayesoma kipimo cha pili kuwa "kumi na mbili nukta sita" huiacha sifuri moja tu, lakini humfanya mwenye betri aendelee kuwasha taa akidhani imejaa. Betri ya aina hii ikizoea kumalizwa hivyo, huharibika mapema.