Mafiga ya Ruiri

Huku Ruiri, upande wa Meru, jiko ni kibanda cha mbao kilichotengwa na nyumba. Dirisha halina, chini mna mafiga matatu. Bibi mwenyeji wangu hupika ameinama, macho mekundu, na chungu cha mahindi na maharagwe hutaka muda wa saa tatu kuiva.

Mwanawe ataka kukibomoa, ajenge jiko lenye dohani. Ana haki, moshi wa kuni huharibu mapafu. Lakini darini yametundikwa mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, na fukusi hawayasogelei.

“Mbegu nitazitundika wapi?” aliuliza bibi.

Kijana alinyamaza. Nami, mtu wa pwani niliyezoea kupikiwa uani, nilipangusa machozi nikapokea sahani.