Bei ya kukata mti mkubwa haikadiriwi kwa macho

MKATAJI wa miti katika kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, anaweza kufanya kazi siku mbili akarudi nyumbani mikono mitupu, iwapo alitaja bei kwa kutazama urefu wa mti tu.

Mwarobaini ulio katikati ya shamba huangushwa mara moja. Ukiegemea paa au nyaya za umeme, hukatwa tawi kwa tawi na kushushwa kwa kamba. Hapo siku na vibarua huongezeka. Penye nyaya, TANESCO waarifiwe kwanza, na suala la kibali liulizwe kwa ofisa misitu.

Hesabu ianze na gharama. Kwa mfano, vibarua wanne kwa siku mbili, kila mmoja Sh15,000 kwa siku, ni Sh120,000. Kukodi msumeno wa mnyororo kwa Sh40,000 kwa siku ni Sh80,000. Petroli na oili Sh30,000, kusomba matawi Sh40,000. Jumla ni Sh270,000. Ikiongezwa asilimia 20 ya faida na dharura, yaani Sh54,000, bei inakuwa Sh324,000.

Je, magogo na kuni ni mali ya nani? Mkataji akivichukua, navyo vina thamani ya Sh100,000, mteja atalipa Sh224,000. Kung'oa kisiki ni kazi nyingine yenye bei yake.

Yote hayo, pamoja na nani atalipa bati likipondeka, yaandikwe na kusainiwa kabla shoka halijagusa mti.